UZI: Kupanga nyaya ndani ya kompyuta ya mezani unayoiunganisha mwenyewe, tangu kasha tupu hadi mfuniko wa nyuma

#1 Soketi24

Wakuu, salaam. Mtu anapounganisha kompyuta ya mezani kwa mara ya kwanza, swali lake la nyaya hujibiwa kwa maneno matatu: "zifiche nyuma tu." Jibu hilo halimfai mtu aliyeshika kebo ya pini 24 (ya umeme mkuu wa ubao mama) mkononi na hajui aipitishe tundu lipi, wala aanze na ipi. Uzi huu ni wa kulieleza jambo hili kinagaubaga. Wajuzi ongezeni nyama, na penye kosa semeni.

Jambo zito kuliko yote ni kwamba nyaya hupangwa kabla ubao mama haujaingia kwenye kasha. Ukishafunga ubao, kipoza joto na rejeta (ya kipoza cha maji), kona ya juu kushoto inazibwa, na ndiko iliko soketi ya umeme wa prosesa. Mkono haupiti, kebo inasukumwa kwa ncha ya bisibisi, na hapo ndipo vipande vidogo vya ubao vinapokwanguliwa.

Kwa hiyo ondoa mifuniko yote miwili ya ubavuni, laza kasha, uangalie upande wa nyuma wa bamba linalobeba ubao mama. Tafuta matundu ya kupitishia kebo, uone kila tundu linaelekeana na soketi ipi. Tafuta vijishikio vilivyotokezwa kwenye bamba kwa ajili ya kufungia tai (vifungio vya nyaya). Angalia SSD (diski zisizozunguka) za inchi 2.5 zinafungwa wapi, maana nazo hula nafasi. Kisha chukua rula upime mwanya kati ya bamba na mfuniko. Milimita 15 ni finyu, kebo nene hazitaruhusiwa kupandana kabisa. Milimita 20 inatosha ukipanga kwa makini. Kuanzia 25 unafanya kazi kwa raha.

Chora ramani ndogo kwenye karatasi. Mashine ya kawaida ina kebo ya pini 24, moja au mbili za prosesa za pini 8, za kadi ya picha, ya umeme wa SATA (wa diski), nyaya za uso wa kasha (swichi, taa, USB, sauti) na feni tatu hadi sita. Kwa kila moja andika inatoka wapi, inafika wapi, na inatokea mbele kupitia tundu lipi. Kebo isafiri nyuma ya bamba safari yake yote, itokeze mbele kwenye tundu lililo karibu kabisa na soketi yake. Upande unaoonekana usibakize zaidi ya urefu wa kidole.

Kazi yenyewe ianze na kebo ya prosesa. Ndiyo yenye safari ndefu kuliko zote, kutoka pawa saplai iliyo chini hadi kona ya juu, na kwenye kasha kubwa huhitaji sentimita 65 hadi 70. Ipime njia hiyo kwa kipande cha kamba kabla ya kununua pawa saplai. Kebo ya sentimita 55 italazimika kukatiza mbele ya ubao, na hakuna ufundi wa kuificha. Ichomoze kwenye tundu la juu kushoto, iache sentimita kumi zikining'inia, ndipo ubao uingie. Ichomeke kabla ya kufunga rejeta au feni za juu.

Zifuatie nyaya za uso wa kasha na za feni: zote zisukume nyuma mapema, kila moja kwenye tundu lake, zisije zikabanwa chini ya ubao. Ubao wa ATX (ule wa ukubwa wa kawaida) una matundu 9 ya skrubu. Hesabu vinguzo vya shaba (vinavyouinua ubao kutoka kwenye bamba) na uhakikishe kila kimoja kiko chini ya tundu. Kinguzo kilichozidi, kisicho na tundu juu yake, hugusa mgongo wa ubao na kuleta shoti.

Pawa saplai za siku hizi nyingi zina kebo za kuchomoa. Chomeka zile unazozihitaji tu, tena uzichomeke kabla ya kuiingiza mahali pake, kwa sababu ikishakaa chini ya kifuniko chake vidole havifiki kwenye soketi. Kisha lete ile ya pini 24 kupitia tundu la ubavuni. Unapoikandamiza, ukingo wa ubao ushikilie kwa vidole vya mkono wa pili usije ukapinda, na usiache mpaka usikie kufuli la plastiki likilia.

Kadi ya picha huja mwisho. Halafu washa mashine, uingie kwenye BIOS (programu ya ndani ya ubao mama), uhakikishe ramu, diski na feni zote zinaonekana. Mpaka hapo hujafunga tai hata moja. Anayefunga tai kabla ya kuwasha atazikata zote atakapogundua plagi moja imekaa vibaya.

#2 Pini19

Asante mkuu kwa kuanzisha. Naongezea nyaya za uso wa kasha, maana ndizo nyembamba, ndizo nyingi, na ndizo huharibu sura ya chini ya ubao.

Vile vijiplagi vidogo vya swichi na taa vinakwenda kwenye kundi la pini 9 lililo kona ya chini kulia. Mpangilio wake kwenye mbao nyingi ni huu: mstari wa namba witiri, pini 1 na 3 ni taa ya diski, 5 na 7 ni swichi ya kuanzisha upya. Mstari wa namba shufwa, 2 na 4 ni taa ya kuwaka, 6 na 8 ni swichi ya kuwashia. Pini ya 10 haipo, na pengo hilo ndilo alama yako ya kujua umesimama upande gani. Swichi haijali chanya na hasi. Taa inajali: ukiigeuza haitaungua, ila haitawaka. Kabla ya kuvichomeka, viunganishe vyote kwa kipande cha utepe mwembamba viwe safu moja, vikae sawa na pini, uvishushe kwa pamoja. Nyaya zake zitokee kwenye tundu la chini lililo karibu zaidi, zikiwa bapa ubavu kwa ubavu.

Sauti na USB 2.0 hufanana, na watu huzichanganya. Zote zina nafasi 10 zenye pini 9. USB 2.0 haina pini ya 9, yaani pengo liko kwenye kona. Sauti haina pini ya 8, pengo liko la pili kutoka mwisho. Plagi isipoingia kwa kusukuma kidogo, usiongeze nguvu. Angalia pengo.

Kebo ya sauti kwa kawaida inakwenda kona ya chini kushoto. Ipitishe nyuma ya bamba hadi mwisho kabisa, itokeze chini ya kona hiyo. Ukiitoa kwenye tundu la katikati italala juu ya ukingo wa chini wote na kuzipita soketi nyingine.

USB 3.0 ya pini 19 ndiyo ngumu kuliko zote. Kebo yake ni nene, haipindi kirahisi, na plagi yake ni ndefu. Ichomeke kwa kuishusha wima. Ukiichomoa usiitikise kushoto na kulia: pini zake ni nyembamba na hulala, na pini moja iliyolala hutosha kuua tundu la mbele. Ikiwa soketi yake iko chini ya ile ya pini 24 ikitazama pembeni, ipitishe kwenye tundu lilelile la 24, kebo yake ikiwa chini. Kwa kuwa ni ngumu, ipewe njia yake kwanza, nyaya laini zifuate umbo lake. Wengi hufanya kinyume chake, na ile ngumu huzisukuma laini zote nje.

#3 Kasha_Wazi

Wakuu, na kama pawa saplai ni ile isiyochomoka kebo? Kuna furushi zima la kebo zisizotumika na kasha halina kifuniko cha kuificha pawa saplai.

#4 BisibisiNyota

@Kasha_Wazi zitenge kwanza. Kebo unazotumia weka upande mmoja, usizozitumia upande wa pili, kabla hata ya kuiingiza pawa saplai. Zile zisizotumika zikunje moja moja kwa mikunjo ya kwenda na kurudi, kila mkunjo urefu wa kama sentimita 12, ufunge katikati kwa velkro. Utapata vifurushi vitatu vinne vilivyo bapa. Usizikunje zote kwa pamoja, hutengeneza donge lisiloingia popote.

Pa kuviweka ni ndani ya kizimba cha diski kisichotumika, au kati ya pawa saplai na ukuta wa mbele wa kasha, mradi visikae mbele ya feni ya kuingiza hewa. Usivilaze juu ya wavu wa feni ya pawa saplai. Kama tundu la hewa liko sakafuni mwa kasha, feni yake itazame chini. Plagi zenye pini wazi, kama zile za zamani za pini 4 za Molex, zivishe kofia yake ya plastiki au uzigeuze zitazame ndani ya kifurushi. Na usikate kebo hata ikikukera.

Tahadhari moja kubwa, kwa wenye pawa saplai za kuchomoa: KEBO ZA PAWA SAPLAI MOJA HAZIFAI KWA NYINGINE. Ncha inayoingia kwenye ubao au diski imewekewa kiwango, ile inayoingia kwenye pawa saplai haina. Kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na hata kampuni moja hubadili kati ya toleo na toleo. Plagi itaingia vizuri kabisa, kisha volti 12 zitakwenda mahali palipostahili volti 5, na diski zote za kwenye kebo hiyo zitaungua mara moja. Ukibadili pawa saplai, toa kebo zote za zamani utumie zilizokuja na mpya, japo zile za zamani zimeshapangwa vizuri kiasi gani.

#5 MwangaWaLED

Upande wa feni na taa.

Kila feni huongeza waya mmoja wenye urefu wa sentimita 40 hadi 50, na ikiwa na taa huongeza wa pili. Feni sita zenye taa ni nyaya 12. Ukizipeleka zote kwenye ubao, hakuna mpangilio utakaopendeza. Weka kigawio (kisanduku cha kugawia feni umeme na amri) kimoja nyuma ya bamba, nyaya zote za feni ziishie hapo, halafu waya mmoja wa amri uende kwenye ubao.

Kigawio kinachopata umeme wake kutoka plagi ya SATA ndicho salama kwa feni nyingi. Soketi ya feni kwenye ubao kwa kawaida hubeba ampea 1, yaani wati 12. Soma kijitabu cha ubao, maana zipo soketi zinazobeba zaidi. Feni inayokula ampea 0.2 unaweza kuunganisha nne kwenye soketi moja kwa waya wa kugawa na bado ukabaki na akiba. Ya ampea 0.4, mbili tu. Kumbuka waya wa kugawa hupeleka ripoti ya mzunguko wa feni moja peke yake. Zile nyingine zikisimama BIOS haitajua.

Unapofunga feni kwenye kasha, geuza kona yenye waya ielekee tundu lililo karibu. Jambo dogo hili huondoa nusu ya nyaya zinazoonekana, na haligharimu kitu. Feni za mbele, kona yenye waya iwe upande wa bamba. Feni ya nyuma, kona ya juu upande wa bamba. Waya uliozidi uzungushe kwenye pengo kati ya fremu ya feni na kasha, usiuache karibu na mapanga.

Taa: pini 3 ni volti 5, pini 4 ni volti 12. Zile za pini 3 hubadili rangi kila taa kivyake, za pini 4 hubadili zote pamoja. Ukiilisha ya volti 5 kwa volti 12, imekufa. Plagi za taa huchomoka kirahisi kwa sababu nyingi hazina kufuli, kwa hiyo maungio ya katikati yafungie utepe kidogo kabla ya kuyasukuma nyuma.

Na soketi iliyoandikwa CPU_FAN isikae tupu. Mbao nyingi hukataa kuendelea kuwaka au hutoa onyo zisipoona feni hapo. Mwenye kipoza cha maji aweke feni za rejeta kwenye CPU_FAN, na pampu kwenye soketi yake ya AIO_PUMP au PUMP, iwekwe izunguke kasi yote muda wote.

#6 Kamba_ya_Velkro

Nimesoma hadi hapa, bado hatujagusa vifungio. Hoja yangu ni fupi: velkro kwa kila kitu. Nunua mkanda wa upana wa milimita 10 au 12, ukate vipande vya sentimita 15. Vipande 10 hadi 12 vinatosha kasha zima. Kompyuta itafunguliwa tena, hilo ni hakika, itaongezwa diski, kadi itabadilishwa. Velkro unafungua na kufunga. Tai ya plastiki unaikata, na mkasi ukiteleza umekata waya wa feni.

#7 BisibisiNyota

Kwa shina kuu nakubaliana nawe, kila kitu hapana. Velkro ina unene. Ukizungusha mara mbili kwenye kebo iliyo nene tayari, umeongeza milimita kadhaa pahali palipo finyu. Kasha lenye mwanya wa milimita 15 halivumilii hilo. Nyaya nyembamba za feni na taa, ambazo hazitaguswa kwa miaka, zifunge kwa tai nyembamba za milimita 2.5 kwenye vijishikio vya bamba.

Ila kuna adabu zake. Usiivute mpaka ganda la waya lipondeke: tai iliyokazwa sawasawa unaweza kuizungusha kwa ncha ya kidole. Fundo lake ligeuze ubavuni, lisitazame mfuniko. Mkia ukate kwa koleo la kukatia lenye uso bapa, ulilaze sambamba na fundo. Mkia uliokatwa kwa mkasi huacha ncha kali kama wembe, na atakayeingiza mkono humo baadaye atachanika.

#8 Kamba_ya_Velkro

Sawa, kwa feni nakubali. Kwenye kebo ya 24, ya prosesa na za kadi ya picha sibadiliki.

#9 Soketi24

Wala usibadilike, hizo ni za velkro.

Turudi kwenye kadi ya picha, kwa sababu hapo unadhifu ukiendeshwa vibaya huleta moto.

Plagi ya pini 8 ya kadi ni 6+2, na imewekewa kiwango cha wati 150. Ya prosesa nayo ni pini 8, lakini ni 4+4, na chanya na hasi zimekaa kinyume. Maumbo ya pini yametofautishwa ili zisiingiliane. Mwenye kulazimisha anaweza kuzilazimisha, kwa hiyo soma maandishi kwenye plagi kila mara.

Kebo nyingi za kadi huja na vichwa viwili kwenye mzizi mmoja. Inavutia, maana kebo moja inaonekana nadhifu kuliko mbili. Kwa kadi ndogo haina shida. Kadi yenye kula wati nyingi ipe kila soketi kebo yake inayotoka pawa saplai yenyewe, ili mkondo wote usipite kwenye nyaya na pini za upande mmoja. Kichwa cha pili kisichotumika kikunje nyuma, ukifunge kwenye kebo yake, kisining'inie chini ya kadi.

Kuna ile plagi ya pini 16, 12VHPWR, inayoruhusiwa kubeba hadi wati 600. Pini zake ni ndogo na zimesongamana. Zilizoyeyuka, sababu inayotajwa sana ni plagi isiyoingia mpaka mwisho, na mkunjo uliobana karibu mno na plagi huivuta upande mmoja mpaka baadhi ya pini zishike vibaya. Zikishika vibaya, chache zilizobaki hubeba mzigo wote na kupata moto. Kwa hiyo kebo itoke wima kwenye plagi kwa angalau milimita 35 kabla ya kuanza kupinda. Pima na mfuniko wa kioo: kama kioo kitaikandamiza kebo, kadi haifai kwenye kasha hilo kwa mkao huo, na usikilazimishe kioo kufungwa. Toleo lake lililorekebishwa, 12V-2x6, limefupisha pini ndogo za mawasiliano ili plagi isiyofika mwisho isipitishe umeme. Hata hivyo macho yako ndiyo kipimo: mwanga wa tochi ukionyesha ufa kati ya plagi na soketi, bado haijaingia.

Nasisitiza hapa kwa sababu watu huweka mbele picha nzuri. Kebo ya kadi ya picha ikionekana kidogo, iache ionekane.

#10 Pini19

Diski nazo. Kebo ya data ya SATA isizidi mita 1, na kwa ndani ya kasha sentimita 45 zinatosha karibu mara zote. Chagua yenye kufuli la chuma. Kwenye ubao, kama soketi ziko chini ya kadi ndefu ya picha, tumia kichwa kilichonyooka na uchomeke kabla ya kadi. Kwenye diski iliyo nyuma ya bamba, tumia kichwa chenye kona ili mfuniko ufunge. Ulimi wa plastiki wa SSD huvunjika kwa kuvutwa juu, ndiyo maana kebo isifungwe ikiwa imetanuka. Iachie mkunjo mdogo wa sentimita mbili tatu.

Kebo ya umeme ya SATA ina vichwa vitatu au vinne mfululizo. Panga diski zifuate mfuatano wa vichwa, kutoka pawa saplai kwenda mbali, ili kebo isirudi nyuma. Na jihadharini na adapta za Molex kwenda SATA zilizomiminiwa plastiki mahali nyaya zinapoingia. Nyaya ndani yake zinaweza kusogeleana na kushika moto. Zile ambazo kila waya unaonekana umebanwa kwenye pini yake ni salama zaidi. Kutotumia adapta kabisa ni bora kuliko zote.

#11 Kasha_Wazi

Swali jingine: hivi nyaya zikipangwa vizuri joto linashuka?

#12 MwangaWaLED

Mkuu, kwa kiasi kidogo sana, na wanaoahidi nyuzi joto nyingi wanapotosha. Enzi za kebo bapa za IDE (za diski za zamani), zenye nyaya 40 au 80 zikiwa pana kama utepe mbele ya feni, tofauti ilikuwepo. Kebo za sasa ni nyembamba na hewa huzizunguka. Kinachoathiri joto ni furushi lililokaa moja kwa moja mbele ya feni ya kuingiza hewa, au lililoziba tundu la hewa la pawa saplai. Hayo mawili yaondoe, mengine ni macho.

Faida halisi ni nyingine: waya haugusi mapanga ya feni, vumbi linapulizika kirahisi, na ukihitaji kubadili ramu au SSD hufumui kila kitu.

#13 BisibisiNyota

Naongeza matatizo yanayotokea baada tu ya kufunga nyaya, maana mtu huvuta kebo na kulegeza plagi bila kujua.

Feni zinazunguka, hakuna picha: kagua kebo ya prosesa ile ya 4+4, halafu za kadi, halafu waya wa skrini uwe kwenye kadi na siyo kwenye ubao. Kitufe cha kuwashia hakiitikii: kijiplagi cha swichi kimeruka pini moja. Inawaka sekunde moja inazima: tafuta shoti, kinguzo kilichozidi au waya uliobanwa na skrubu, na utazame kama plagi ya 24 imeingia nusu. Onyo la feni ya prosesa: CPU_FAN imechomoka. USB ya mbele imekufa: toa ile ya pini 19 uangalie pini kwa tochi.

Kabla ya kushika chochote zima swichi ya pawa saplai, chomoa waya wa ukutani, ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe.

#14 Mkunjo_Mpana

Wadau, nimefuata yote ya juu, mashine inawaka vizuri, lakini mfuniko wa nyuma umevimba katikati na hauingii kwenye mfereji wake. Nikiukandamiza unafunga. Niuache hivyo?

#15 Soketi24

@Mkunjo_Mpana usiuache hivyo. Mfuniko unaofungwa kwa goti unasukuma plagi za SATA na soketi za pawa saplai kutwa kucha, na kesho kutwa moja italegea.

Uvimbe katikati karibu kila mara una sababu moja kati ya hizi: kebo ya 24 imefungwa ikawa duara, au kebo mbili nene zinapishana. Fungua tai ya kebo ya 24. Nyaya zake zitandaze ubavu kwa ubavu ziwe mkeka, kisha funga velkro bila kukaza kiasi cha kuirudisha duara. Duara la kebo hiyo hufikia milimita 15 au zaidi, mkeka wa safu mbili ni kama nusu yake.

Halafu tafuta makutano. Kebo ya prosesa inayopanda wima na kebo ya kadi inayokwenda mlalo zikikutana, mahali hapo ndipo kilele cha uvimbe. Ya prosesa ihamishie ukingo wa kushoto kabisa (kushoto ukiutazama ubao kwa mbele), ipande nao hadi juu. Ya kadi iteremke chini ya kifuniko cha pawa saplai, itokee mbele kupitia tundu la kifuniko, isipite nyuma kabisa. Zikiwa lazima zipishane, zipishane mahali bamba limebonyea ndani, mara nyingi karibu na safu ya matundu upande wa mbele wa kasha, siyo juu ya SSD.

Urefu uliozidi usiukunje nyuma ya bamba. Usukume chini, kwenye nafasi ya pawa saplai, ambako kuna kina. Kama kizimba cha diski kinazuia na hukitumii, kitoe. Kwenye makasha mengi kimeshikwa kwa skrubu chache tu chini ya sakafu. Kama una vipanuzi vya rangi ulivyoongeza kwa urembo, fahamu kila kimoja kimeongeza kama sentimita 30 za kebo pamoja na ungio nene la plagi mbili. Ungio la 24 lilaze chini karibu na pawa saplai, au uvitoe kabisa kwenye kasha finyu.

Kabla ya kurudisha mfuniko, laza rula juu ya kingo mbili za kasha, ikiwa imesimama kwa ubavu wake, uitembeze kutoka juu hadi chini. Inapogusa kebo ndipo pa kurekebisha. Ikipita bila kugusa, mfuniko utaingia kwa vidole viwili.

#16 Mkunjo_Mpana

Yalikuwa makutano. Kebo ya kadi ilikuwa juu ya ile ya prosesa, na chini yake kuna SSD. Nimeipitisha chini ya kifuniko, rula inapita. Kuna mlio mdogo wa tik-tik sasa unatoka mbele.

#17 MwangaWaLED

Huo ni waya unaogusa mapanga ya feni. Zima, chomoa ukutani, zungusha kila feni ya mbele kwa kidole taratibu. Utaona unaposhika. Mara nyingi ni waya wa taa wa feni ya kati. Uvute kutoka nyuma, uufunge kwenye kijishikio kilicho karibu na tundu lake, usiache hata sentimita moja ya ziada upande wa feni.